Sarafu ya Babu Kwenye Moto wa Nta

Harufu ya nta inayoyeyuka hunikamata popote ninapokuwa. Juzi ilinikuta sokoni Mpanda, mbele ya kibanda cha kijana anayeuza asali kwenye chupa za maji. Masega aliyokwisha kuyakamua yalikuwa yakichemka taratibu juu ya jiko la mkaa, yakitoa ule mvuke mtamu na mzito wenye moshi kidogo ndani yake. "Mzee, nikupimie?" akaniuliza. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni kugusa kitu ninachotembea nacho tangu ujana.

Ni sarafu. Nitawaeleza ilivyonifikia, na nilichoifanyia, maana nimechoka kubaki na habari hii peke yangu.

Nilizaliwa Magamba, katika nyumba ya warina asali. Babu mzaa baba alikufa kabla sijazaliwa, nikapewa jina lake, Kapama. Kwetu, mtoto aliyepewa jina la marehemu alirudisha kitu fulani nyumbani, na mjane alikuwa na haki ya kukidai. Kwa hiyo Bibi aliniita mume wangu. Hakuwahi kuniita vingine. "Mume wangu, kuni zimekwisha. Utaniacha nilale na njaa, halafu uende mbio kutafuta mwanamke mwingine?" Wanawake wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nikaenda porini kutafuta kuni nikiwa nimenuna, lakini kifua mbele. Aliniwekea ukoko wa ugali kila jioni. Alinisugua miguu kwa mafuta ya karanga. Sidhani kama kuna mtu amewahi kulitamka neno lolote kwa ajili yangu kama alivyolitamka lile.

Sarafu ilitoka ardhini miaka ya sabini, tulipoambiwa tuhame kwenye mashamba yetu yaliyo mbalimbali tukajenge pamoja kijijini. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kabla hatujafunga mizigo, Bibi aling'oa figa moja la jiko lake, akachimba kwa mkono na kutoa kitambaa kilichogeuka rangi ya udongo. Ndani yake mlikuwa na sarafu ya njano iliyofifia. Upande mmoja ilikuwa na taji, na chini yake herufi T. Upande wa pili ilikuwa na namba ishirini. Ukingo wake haukuwa mviringo sawasawa, na taji lilikaa upande kidogo, kama kofia ya mlevi.

"Hii ni yako, mume wangu," alisema. "Uliileta mwenyewe. Ukioa, nitakupa."

Hadithi yake niliijua. Wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza, Babu alichukuliwa kubeba mizigo, akapotea miaka miwili. Aliporudi hakuwa na kitu ila sarafu ile. Watu walisema hakubeba mzigo wowote, alikuwa Tabora kwa mwanamke, akila na kunenepa. Bibi, wakati huo msichana aliyekuwa amemngoja na kukataa wanaume wawili, alimwuliza mara moja tu. Babu akamwekea sarafu kiganjani: ndiyo malipo yake ya mwisho kutoka kwa Wajerumani. Alisema ilitengenezwa palepale Tabora, kwenye karakana ya treni, na kwamba yeye mwenyewe alisikia nyundo zikigonga. Bibi aliamini. Aliishi na imani hiyo mpaka Babu akafa, na baada ya hapo pia.

Kila baada ya mavuno ya asali alikuja kwetu mnunuzi wa nta kutoka mjini. Tulimwita Spoki, kwa sababu alitembea na spoki ya baiskeli aliyoinoa. Kuna watu waliochanganya nta na mafuta ya ng'ombe, au kuficha jiwe katikati ya bonge ili lizidi uzito. Spoki alichoma bonge kwa ile spoki, akalikata, akatupa kipande motoni, akanusa. Hakukosea hata mara moja. Mimi nilimwona kama mganga. Nilitaka kuwa yeye.

Mwaka ule, tukiwa tumeshahamia kijijini, alimkuta Bibi akichemsha masega uani na wanawake wengine. Bibi, kwa fahari tu, akafungua pindo la kanga na kumwonyesha sarafu. Spoki aliigeuza mara mbili.

"Bibi, hii ni bandia."

"Bandia ni wewe na baiskeli yako," Bibi alijibu, na wanawake wakacheka.

"Mimi nazijua rupia za Mjerumani. Ni za fedha, zina kichwa cha mfalme wao mwenye kofia yenye tai juu. Au za dhahabu, zenye tembo. Hii haina mfalme, haina tembo. Angalia ukingo huu! Hii kagonga fundi baiskeli. Hiyo T ni ya takataka."

"Ilitengenezwa kwenye karakana ya treni, Tabora."

Spoki alicheka mpaka akajifuta macho. "Nyie! Pesa ya Ulaya itengenezwe na fundi treni?"

Mama mmoja jirani, aliyekuwa akikoroga chungu, akasema bila kuinua uso, "Si tulisema zamani?" Hapo hakuna aliyecheka.

Bibi alifunga sarafu yake kwenye pindo. Nilimwambia tuipime. "Haina haja," alisema. "Mimi naijua."

Ningeishia hapo. Lakini siku ya pili mchana, Bibi alipojinyoosha kwenye mkeka akasinzia, nilifungua lile pindo. Najidanganya nikisema nilitaka kumsafisha Babu. Labda nilitaka, kidogo. Zaidi nilitaka kuwa mtu anayejua. Nilichukua tupa ya mjomba nikachonga pengo ukingoni, kama Spoki alivyokata nta. Kisha nikaitupa kwenye makaa chini ya chungu cha masega, maana nilisikia kwamba dhahabu haibadiliki motoni. Nilipoitoa kwa koleo ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria.

Ningeweza kuisugua kwa majivu na kuirudisha. Nilikuwa na nafasi hiyo. Badala yake nilimwamsha Bibi mbele ya wenzake waliokuwa wakirudi kuendelea na kazi, nikasema kwa sauti ya mwalimu, "Bibi, nimeipima. Ni bandia kweli. Babu alikudanganya."

Alikaa, akaipokea ikiwa bado na joto. Aliisugua kwa majivu, akasugua kwa ndimu, akaisugua tena, muda mrefu, mpaka njano ikarudi. Alipapasa lile pengo kwa kidole gumba. Nta ilikuwa ikichemka na kunukia uani kote, na hakuna aliyekuwa akiikoroga.

"Basi," alisema hatimaye, "alinidanganya vizuri."

Akaniwekea kiganjani. Hakungoja nioe. Na jioni, aliponiita kula, aliniita Yustino, jina langu la ubatizo, la shuleni. Ukoko ulikuwepo, miguu alinisugua kama kawaida. Lakini neno lile sikulisikia tena mpaka alipokufa, nikiwa kidato cha pili.

Baada ya kidato cha nne nilipata kazi ya karani Tabora. Nyumba niliyopanga ilikuwa ya fundi mstaafu wa reli. Siku moja nilikuwa nimetandaza vitu vyangu vya mfukoni mezani, akaiokota sarafu na kuigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mzee wangu alizigonga hizi," alisema. "Kwenye karakana. Wajerumani waliishiwa pesa, njia ya baharini imefungwa, wakatengeneza zao hapahapa, kwa shaba ya maganda ya risasi kubwa kubwa. Ndiyo maana hazikunyooka. T ni Tabora." Akaona pengo. "Nani kaikata hivi?"

"Mimi," nilisema.

Nilipanda treni ya Mpanda wiki hiyohiyo, nikaenda hadi Magamba, nikasimama penye kaburi la Bibi na sarafu mkononi. Nilimweleza yote: shaba, maganda ya risasi, nyundo. Nilieleza vizuri, kama mtu anayejua.

Nikiwa mtoto nilidhani nimepima kipande cha shaba. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba niliyemtia motoni ni mtu asiyeweza kujitetea, mbele ya msichana aliyemngoja. Wala moto haukusema uongo: ilikuwa shaba, na Babu hakuwahi kusema ni dhahabu.

Yule kijana wa sokoni aliniuliza tena kama anipimie. Nilinunua chupa moja ya asali, bila kuijaribu kama ni halisi. Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita, na nyumbani wananiita Babu, Mzee, Yustino; hakuna wa kuniita mume wangu. Nilikaa na chupa ile mezani mpaka giza likaingia, nikisugua lile pengo la sarafu kwa kidole gumba, nikitega sikio upande wa uani.