Koku na senene wake waliopungua: nilichokiona Rubya mtoto alipogoma kujibu hesabu

Chrrr, chrrr!

Senene kwenye kikaango, wakuu, wale panzi wetu watamu. Niliwasikia nikiwa bado migombani, sijaiona hata nyumba ya dada yangu hapa Rubya. Juu ya mlio huo ikapanda sauti ya mtoto: "Wamepunguaaa!"

Salamu kwenu nyote. Ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu, na chumvi yote iliishia jikoni.

Mimi naishi Bukoba mjini, naandika riwaya na nasomea saikolojia ya elimu. Koku ni binti wa dada, ana miaka sita. Siku hiyo mwalimu wake angepita nyumbani kumpima. Akishindwa, Januari anarudia darasa la awali, na rafiki yake wa jirani anaingia darasa la kwanza bila yeye.

Nilikuwa nimempa dada mbinu kwa simu: kila jibu sahihi, senene mmoja ndani ya glasi. Tendo likileta zawadi, mtoto hulirudia. Na kweli, jana yake Koku alijibu kama cherehani!

Leo kagoma. Amekunja mikono, mdomo umechongoka.

"Ana uroho huyu," dada akaniambia. "Nimehamishia senene wake kwenye sahani tu, nikaoshe glasi. Anasema nimekula."

"Walifika hapa!" Koku akaonyesha kwa kidole hewani. "Sasa wamelala chini. Mae, umekula!" akamlilia mama yake.

Bibi, mama mkwe wa dada, akacheka mpaka akashika mbavu. "Zamani sisi wanawake tulinyonyoa mabawa tu, wanaume wakala. Leo haka kanadai hesabu!"

Wakuu, hapo nikang'amua. Nadharia ya zawadi ilikuwa sawa, ila ilisahau macho ya anayepewa! Kwa umri wake, kinachoonekana kikubwa ndicho kingi: kilichopanda juu kimezidi, kilicholala chini kimepungua. Kwake zawadi ilikuwa imeibwa, sasa ajibu kwa faida gani?

Nikawarudisha senene kwenye glasi.

"Wameongezeka!" akapiga makofi.

Nikampa glasi na sahani amimine mwenyewe. Akamimina, akarudisha, akachungulia chini ya sahani kama anayemtafuta mchawi. Sikumwambia kitu.

Hodi ikapigwa. Mwalimu.

"Karibu waitu," dada akasema kwa heshima, akimfutia kiti.

Mwalimu hakutaka hata chai. "Koku, tatu kuongeza nne?"

Dada akafumba macho. Koku akavuta sahani tupu, akatoa kwenye glasi senene watatu akawapanga, akapanga wanne, akawagusa mmoja mmoja. "Saba."

Mwalimu akawatawanya kwa kidole, wakajaa sahani nzima. "Na sasa?"

"Wengi!" Halafu akasita. Akaanza kuwagusa upya, polepole, uso umekunjamana. "Saba... Bado saba?"

Hakuna aliyempa zawadi yoyote, wakuu. Lakini ule mshangao usoni mwake! Nimeandika kurasa nyingi kuhusu mapambazuko, kumbe nilikuwa sijawahi kuliona pambazuko.

Nimejifunza hivi: zawadi humfanya mtoto arudie jibu, lakini kuelewa huja kwa mikono yake mwenyewe, kwa wakati wake. Kabla hujamwita mroho au mzito, mwulize anaona nini. Wazazi na walimu wa humu, watoto wenu wamewahi kuwagomea hivi? Mwageni visa, na mnaonipinga pia nawasubiri.

Sasa hukumu. Mwalimu alisimama, akajifunga kitenge vizuri. "Mama Koku, mnunulie sare ya darasa la kwanza."

Mwalimu akainama, akachukua senene mmoja sahanini, akamtia mdomoni na kuelekea mlangoni akitafuna.

"Mwalimu!" Koku akapiga kelele. "Umeniachia sita!"

Kicheko cha mwalimu tulikisikia mpaka mlango ulipojifunga nyuma yake.