Blanketi la Mdogo Wangu

Juzi nilipita mji wa Irving, huku ughaibuni, nikaona blanketi la kroshia limeanikwa kwenye roshani, nikakumbuka alasiri moja ya joto kali tulipoishi mtaa wa Vickery Meadow. Mama alikuwa amefua blanketi alilomfumia mdogo wangu, akalianika nje kwenye roshani yetu, likinukia sabuni. Meneja wa majengo akapiga kelele kutoka chini, nami nikamtafsiria Mama kwamba ni marufuku kuanika, tulitoe.

Mama akalitoa. Kisha akajifunika nalo mabegani, likiwa bado limelowa, akaketi palepale juani akiendelea kufuma jingine. Nikadhani ameshikwa na homa, nikamletea chai.

"Sina homa, mwanangu," alisema huku akimkazia macho meneja, aliyekuwa bado pale chini. "Amekataza kuanika. Hajakataza kuvaa."

Meneja akaenda zake. Mama hakunyanyuka mpaka likakauka.