Dereva Awe Kitini

Kaka yangu Delbert Hatchett ana ugonjwa wa kutotulia, na sisemi moyo, moyo una daktari wake. Miaka thelathini na minne amechomelea mabomba ya eksozi hapa mjini kwetu Oklahoma, na sijawahi kumwona akila vimkate vyake vya asubuhi na mchuzi wa soseji akiwa ameketi. Anakula huku anatembea. Mkewe alikuwa akimwambia, "Wewe ukifa tutakuzika wima," na masikini akatangulia yeye.

Kitu kimoja tu kiliweza kumweka kitako: pikapu yake ya mashindano ya robo maili. Ameiendesha tangu nikiwa msichana. Mwezi wa tatu moyo ukamgomea, daktari akampiga marufuku mashindano, naye akasema haya, bintiye Raelynn ataendesha. Alisema haraka haraka, kama anameza dawa.

Siku ya mbio za kwanza za Raelynn, saa moja asubuhi, simu ikalia. "Verna, nimefunga springi mpya nyuma. Njoo unisomee digrii."

Nikaenda, maana najua hatari ya springi zikifungwa vibaya. Springi za pikapu ile ni za mabamba. Ukikanyaga mafuta mabamba yanajipinda, na pua ya difu, pale inapoingia propela, ule mhimili mrefu wa kutoka giaboksi, inanyanyuka. Kwa hiyo gari likiwa limesimama unaiinamisha pua digrii chache, ili gari likivuta inyooke na propela. Ukikosea, krosi, kile kiungo cha propela, inakatika na propela inapigapiga sakafu chini ya miguu ya dereva. Na dereva mwenyewe ni mtoto niliyemfunga nepi kwa mikono yangu.

Hapa kwetu haipimwi gari likining'inia kwenye jeki. Magurudumu yote manne yanakaa juu ya magogo, tangi lina mafuta, na dereva awe kitini, maana kila kilo inakandamiza springi na kubadili digrii. Delbert akapanda. Mimi nikajilaza chini na kipimo.

"Ngapi?" akauliza kutoka juu.

"Tano, inaangalia chini."

"Imezidi. Nataka nne."

Akashuka, akalegeza bolti, akatoa kabari ya chuma iliyo kati ya springi na ekseli, akaweka nyembamba zaidi, akakaza, akapanda tena. Ikaja tatu na nusu. Akashuka, akapanda. Mara ya tano ikawa nne kamili.

"Soma tena," akasema.

"Nne."

"Labda hicho kipimo kimechoka."

"Niliyechoka ni mimi, Delbert. Nina changarawe mgongoni mpaka shingoni."

"Soma tena, dada."

Ndipo Raelynn akaingia na kofia yake ya mbio kwapani. Akainama kunichungulia. "Shangazi, unatafuta nini huko?"

"Digrii za baba yako. Zimemsumbua tangu alfajiri."

Akamtazama baba yake pale kitini. "Baba, wewe una kilo mia na thelathini. Mimi nina hamsini na nane."

Mungu wangu, saa mbili nzima nimelala chini ya gari lile na sikuliona hilo. Nikatoka huku nimewaka. "Delbert, umepima kwa ajili ya dereva gani?"

 Mikono yake ilikuwa bado imeshika usukani. Akasema, "Verna, nikishuka hapa sipandi tena."

Hasira ikaniisha pale pale. Nilimwonea huruma.

Raelynn akamfungulia mlango. "Shuka, baba. Leo ni mimi."

Akashuka taratibu. Raelynn akapanda, miguu yake ikaishia shubiri nzima kabla ya pedali.

"Sasa mazoezini ulikuwa unafikaje?" Delbert akauliza.

"Naweka mto mgongoni."

"Mto? Mkanda utakukazaje na mto? Gari likigonga ukuta utachomoka! Kwa nini hukusema?"

"Kiti ni chako, baba. Sikutaka kukisogeza."

Delbert akakitazama kile kiti. Kilifungwa pale hata Raelynn hajazaliwa, kwa kipimo cha miguu yake yeye. Akaenda kuleta spana. Bolti za mbele zilikubali. Za nyuma zilikuwa zimeshika kutu, akazimwagia mafuta, akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote mpaka zikalia na kuachia. Akakisukuma kiti mbele, akatoboa matundu mapya sakafuni. Sote watatu tuliona kwamba kwa pale kilipo sasa, tumbo lake halipiti tena nyuma ya usukani. Akakaza bolti zote nne, akakishika kiti kwa mikono miwili akakitikisa kwa nguvu. Hakikucheza.

"Panda," akamwambia mwanawe, kisha akachukua kipimo mkononi mwangu. "Wewe pumzika, Verna. Safari hii nalala chini mimi."