Redio wa Chumba cha Vifungo

Shangazi yangu hakumaliza shule, na bado ndiye aliyetufundisha nusu ya tunayoyajua. Ninalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaomkumbuka kama kipofu tu aliyekuwa akikaa pembeni kiwandani, na hilo hunichefua.

Kiwanda chetu cha mashati kilikuwa na vyumba viwili. Kimoja kilikuwa cha cherehani, ambako ukitaka kusema na jirani inabidi umshike bega. Cha pili kilikuwa chetu, wanawake wa kumalizia kwa mkono: vifungo, matundu na pindo. Madirisha yake yalizibwa kwa mbao ili vumbi la barabarani lisichafue nguo nyeupe, nasi tukashona kwa taa hafifu iliyoning'inia katikati. Giza hatukulipenda, lakini kimya tulikuwa nacho, na kimya ndicho kilichotupa wazo. Mmoja asome kwa sauti, wengine wagawane mashati yake. Shangazi alikuwa na sauti ya kupenya na ulimi usiokwama, kwa hiyo kiti akapewa yeye, na jina la Redio likamganda.

Vitabu aliazima maktaba ya mji, na vyepesi hakuvitaka. "Nipe vile vilivyowagombanisha watu," alikuwa akimwambia mkutubi. Siku alipotusomea kile kinachoeleza viumbe vilikotoka, Bibi Pindo, mkubwa wetu kwa umri, aliweka sindano chini.

"Redio, zima hiyo. Babu yangu hakuwa na mkia."

"Sikumsema babu yako, dada. Nasema wa zamani sana."

"Wa zamani ndiye babu mwenyewe."

Kesho yake Bibi Pindo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza tumeishia wapi. Kile cha jinsi kazi inavyokatwa vipande, kila mtu akabaki na kipande chake, kilituchekesha, maana mimi wa vifungo sikuwahi kushona shati zima tangu niajiriwe. Kile cha haki za mwanamke hatukukicheka. Tulivuta uzi taratibu ili tusikose neno.

Humo ndimo ilimotoka sura ya macho. "Mwenye kazi anayemnyima mfanyakazi mwanga," shangazi alisoma, "hachukui jasho lake tu. Anachukua na macho yake, na macho hayakuwa katika mapatano."

"Rudia," Bibi Pindo akasema.

Akarudia neno kwa neno, bila kutazama chini. Hapo ningepaswa kushtuka, lakini machozi yalikuwa yamenijaa.

Wiki hiyohiyo tulimwendea bosi, Bibi Pindo akiwa mbele. Tulitaka mbao zitolewe na madirisha yatiwe vioo. "Si maneno yetu, bosi. Yameandikwa, tena na mtu anayeheshimika dunia nzima."

Bosi si mtu mbaya, ila ni mbishi. "Nionyesheni ukurasa," akasema. "Nikiuona, mbao zinatoka."

Akaja chumbani na miwani yake, akachukua kitabu mapajani mwa shangazi. Alipekua mbele, akapekua nyuma. Sisi tulikaa roho juu, kwa kuwa ukurasa ukikosekana tumekosa mwanga, tena tumeonekana waongo.

"Usijisumbue, bosi," shangazi akasema. "Humo hayamo. Nimeyatunga mimi."

Aliweka mikono mapajani, palipokuwa na kitabu, akaendelea.

"Herufi zimenipotea kidogo kidogo, sasa sizioni kabisa. Niliogopa nikisema nitarudishwa nyumbani, na raha yangu yote iko hapa. Nikawa nafungua kitabu, halafu nawaambia yaliyo moyoni mwangu. Nisameheni."

Nilimkasirikia, nisifiche. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Bosi alifunga kitabu, akasema, "Kwa hiyo hakuna aliyeandika," akageuka kuondoka.

"Ngoja kidogo, bosi." Bibi Pindo aliinuka, akampa shangazi sindano mkono mmoja na uzi mkono wa pili. "Redio, mdogo wangu, tunga uzi."

Shangazi alijaribu. Uzi ulipita kando. Akaulamba, akausokota ncha, ukapita kando tena. Mwanamke huyo aliingia chumba hicho msichana, na zamani alikuwa akitunga uzi huku anasimulia, bila hata kuangalia. Bosi alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ukurasa wako ndio huo," Bibi Pindo akamwambia. "Usome."

Bosi alirudisha kitabu mapajani polepole, akatoka. Tulishona siku nzima, kila mtu akihesabu amefukuzwa.

Asubuhi moja, kabla wiki haijaisha, seremala alikuja na nyundo na msumeno. Ubao wa kwanza ulipotoka, shangazi aliinua uso.

"Nani kawasha taa?"

"Si taa, shangazi," nikamwambia. "Ni dirisha."

Alinyoosha mkono mbele, akaugeuzageuza kwenye joto la jua, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akapapasa kitabu, akanipa.

"Haya, soma wewe. Anzia sura ya tatu. Kuanzia hapo yote yalikuwa yangu."

"Yako tumeshayasikia, Redio," Bibi Pindo akasema, akimsogezea kiti chake dirishani. "Sasa tumsikilize na mwenye kitabu, tuone kama atakufikia."