Gari Lililokuwa Ng'ambo ya Barabara

Saa mbili na dakika saba asubuhi, simu ya tatu inalia na chai bado haijapoa. Mwanamke aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi anakisukuma kikombe pembeni, anabonyeza kitufe, na sauti yake inashuka ghafla, kama ya mtu anayebembeleza mtoto.

"Huduma ya magari ya wagonjwa. Niambie uko wapi, kisha niambie kuna nini."

Mwanamume upande wa pili anapiga kelele. Mkewe ameshikwa na uchungu, mtoto yuko njiani, wako nyuma ya kiwanda cha barafu. Mwanamke anaandika. Kufumba na kufumbua, skrini inatoa jibu: gari namba tisa, dakika kumi na nne.

Anaguna. Gari namba nne limeegeshwa kwenye kituo cha mafuta, ng'ambo ya barabara ya kiwanda hichohicho. Dereva wake akipiga mluzi, yule mwenye uchungu anausikia.

"Nne, nne, uko macho?" anaita kwenye redio.

"Macho makavu, Shangazi."

"Vuka barabara. Nyuma ya kiwanda cha barafu, mlango wa bluu. Mama anajifungua."

"Mbona kwenye skrini sijaitwa?"

"Skrini haikuoni. Mimi nakuona. Vuka!"

Dakika mbili na nusu baadaye, gari limefika. Ndipo anavuta droo, anatoa fomu ya njano na kuanza kueleza kwa maandishi kwa nini amekaidi mfumo. Ni fomu yake ya arobaini na moja.

"Nimeokoa dakika kumi na moja na nusu," anasema bila kuinua macho. "Sasa natumia robo saa kuomba radhi kwa kuziokoa."

Ana miaka hamsini na mitatu, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza kwenye kiti hiki, ghorofa ya pili, katika chumba chenye meza mbili, dirisha lisilofunga vizuri na ramani kubwa ya mji iliyopauka. Alianza kama mwoshaji wa magari haya haya. Mitaa aliijua kwa kuuliza madereva tope la kwenye magurudumu limetoka wapi. Tope jekundu lilikuwa la machimbo, lenye mafuta lilikuwa la gereji. Madereva wote humwita Shangazi. Wanasema huwatuma kwanza, kama wamekula huuliza baadaye.

Mji una magari ishirini na sita ya wagonjwa. Kwa siku moja simu hufika mia moja na thelathini. Zamani alichagua gari kwa kichwa chake na ramani ya ukutani. Miezi mitano iliyopita mfumo mpya ulifungwa, na kazi ya kuchagua ikapewa kompyuta.

Mtaalamu aliyeutengeneza, mwanamume mpole wa miaka thelathini na kitu, alimweleza kwa subira siku ya kwanza. Mji mzima unakatwa vipande vinne. Kipande chenye magari mengi kinakatwa tena vinne, na hivyo hivyo, hadi kila kipande kibaki na magari machache. Simu ikiingia, kompyuta haihangaiki na magari yote. Inaanzia juu, inaingia kipande kikubwa, kisha kidogo, kisha kidogo zaidi, mpaka inafika pale alipo mgonjwa.

"Tunaita mti, mama," alimwambia. "Kuna shina, kuna matawi. Unafuata tawi lako tu."

"Mti gani huo usio na kivuli?" Shangazi alimuuliza.

Walicheka wote wawili. Kicheko hicho kilikuwa cha mwisho kwa muda mrefu.

Kwa sababu mara kwa mara mfumo ulichagua gari la mbali huku la karibu likiwa limekaa linaangalia. Shangazi alimpigia simu mtaalamu. Akaja, akaangalia, akasema mfumo ni mzima. Akampigia tena. Akaja tena, akasema wameujaribu mara elfu kumi na haujawahi kuchelewa kujibu.

"Sijasema unachelewa, mwanangu. Nimesema unakosea. Hata mimi naweza kukujibu haraka ukiniuliza nisichokijua."

Safari ya tatu hakuja. Alituma ujumbe: mzunguko wa magari ni wa kawaida, tuendelee kufuatilia.

Kanuni za ofisi hazikumsaidia. Kila anayekaidi mfumo hujaza fomu ya njano. Kila fomu zikifika kumi na tano, barua moja ya onyo. Yeye alikuwa nazo mbili, zote amezikunja ndani ya kifuko cha kitambulisho chake. Fomu nne zaidi zingemletea ya tatu, na ya tatu maana yake ni kuhamishiwa stoo ya karatasi. Zaidi ya hapo, meneja alikwisha kutangaza kwamba kuanzia tarehe moja ya mwezi uliokuwa unakuja, mfumo utayatuma magari wenyewe. Redio itaondolewa mezani.

"Stoo nitakaa," anasema. "Karatasi hazinisumbui. Lakini yule wa nyuma ya kiwanda cha barafu, redio ikiondoka, nani atamwambia namba nne avuke?"

Nyumbani hasira hiyo ilikuwa imeshapata kiti chake mezani. Mumewe, fundi cherehani, aliisikia hadithi ya gari namba nne, ya gari namba kumi na moja, ya mzee aliyeanguka sokoni na gari lililokuwa hatua mia mbili kutoka alipolala. Jumapili moja uvumilivu ukamwishia. Akamrushia kasha la pini.

"Mke wangu, mimi na cherehani tumeshaelewa. Hebu nenda kazichome hizo hasira mahali."

Shangazi alilishika neno hilo kama lilivyo. Siku iliyofuata aliishusha ramani ukutani, akaibeba nyumbani ikiwa imeviringishwa, pamoja na nakala za fomu zake. Ofisini fomu hizo zilikuwa zimepangwa kwa tarehe. Hakuna aliyewahi kuzipanga kwa mahali. Wakatandaza ramani kwenye meza ya kukatia nguo, naye akaanza kuchoma: pini moja nyekundu kwa kila simu iliyopewa gari la mbali.

Alipofika pini ya ishirini, mumewe aliacha kushona. Alipofika ya thelathini, alisimama nyuma yake.

"Baba watoto, unanizibia mwanga."

"Subiri kwanza." Akapitisha kidole juu ya pini, kutoka juu ya ramani hadi chini, kisha kutoka upande hadi upande. "Hapa kitambaa kimekatwa. Hizi pini zako zimefuata mkasi."

Ilikuwa kweli. Karibu pini zote zilikaa kwenye mistari miwili iliyonyooka, mmoja wa kusimama na mmoja wa kulala. Mistari hiyo ilikutana katikati ya mji, kwenye kituo cha mafuta.

Kesho yake mtaalamu aliitwa kwa mara ya nne. Alikuja amenuna, begi halijavuliwa begani. Aliiona ramani, imerudishwa ofisini na pini zake. Akavua begi. Akavuta kiti.

"Mama," alisema mwishowe, "hii ni mikato yangu ya kwanza. Hapa ndipo ninapokata mji vipande vinne."

"Na namba nne?"

"Iko kipande cha pili. Mgonjwa yuko cha kwanza. Kompyuta ikishapata gari ndani ya kipande cha mgonjwa, inaridhika."

"Hairudi kuuliza kwa jirani?"

Alikuna kichwa. Ilipaswa kurudi. Baada ya kupata gari, inatakiwa ipande tena juu kwenye shina na kuangalia kama tawi la pembeni lina gari la karibu zaidi. Hatua hiyo aliiondoa mwenyewe, miaka mitatu iliyopita, alipokuwa akitengeneza mfumo wa pikipiki za kusafirisha vifurushi. Pikipiki zilikuwa maelfu. Ukiikosa ya ng'ambo ya mstari, nyingine iko kona inayofuata, na kila chembe ya sekunde ilikuwa na thamani. Mfumo ule ule akauhamishia kwenye magari ya wagonjwa.

"Magari ishirini na sita!" Shangazi alipandisha sauti. "Mwanangu, hayo nayahesabu kwa vidole vya mikono na miguu, nikiazima sita vya mume wangu!"

Jambo lililomkera zaidi Shangazi alilisema mwenyewe, polepole, kana kwamba analipima. Kituo cha mafuta ni mahali ambapo madereva husubiri kwa makusudi, kwa kuwa kiko katikati na kutoka hapo unafika popote. Mahali bora pa kusubiri ndipo hasa mkasi ulipopita.

Marekebisho yalikuwa mistari minane ya maandishi. Mtaalamu aliiandika mchana huohuo. Wakapitisha upya simu zote arobaini na moja: katika arobaini, mfumo ulichagua gari lilelile alilochagua Shangazi. Katika moja, ulichagua jingine. Shangazi aliisoma upya fomu ya simu hiyo. Siku ile alikuwa amesahau kuwa gari namba ishirini na mbili lilikuwa limehama.

"Hiyo niandikieni," alisema. "Sikatai."

Lakini meneja alisema mabadiliko yoyote hupitishwa na kamati, na kamati hukaa kila baada ya miezi mitatu. Tarehe moja ni tarehe moja.

Shangazi aliitandaza ramani juu ya meza ya meneja, pamoja na pini zake zote, ikafunika simu na kalenda.

Meneja akaikodolea macho. "Mimi nakaa wapi hapa?"

Akamwonyesha kwa kidole. Nyumba ilikuwa katikati ya pini mbili nyekundu, moja kila upande.

Kamati ilikaa kesho yake, saa tatu asubuhi. Mistari minane ikapita, barua mbili za onyo zikafutwa, na redio ikaruhusiwa kubaki mezani.

Sasa tarehe moja imepita kwa wiki mbili. Simu inalia: kijana ameangukiwa na mzigo kiwanda cha barafu. Mkono wa Shangazi unaruka kwenye redio kabla hajasoma skrini.

"Nne, nne, vuka—"

"Nimeshavuka, Shangazi. Nashusha machela."

"Nani kakutuma?"

"Skrini."

Anabaki ameishika redio, mdomo wazi, kama mtu aliyesukuma mlango akakuta umeshafunguliwa. "Haya basi," anasema. "Umekula?"

Amebakiza miaka miwili kustaafu. Mpango wake ni mdogo: kila Ijumaa jioni anapitia simu za wiki kwa mahali, si kwa tarehe, na anataka atakayerithi kiti chake afanye hivyohivyo. Mumewe amemnunulia kasha jipya la pini, za kijani, iwapo simu itapewa tena gari la mbali. Liko kwenye droo lilimokuwa likikaa rundo la fomu za njano, na karatasi yake ya plastiki haijachanwa. Anachoomba ni aliache hivyohivyo siku atakapoondoka.