Viti vya Wageni wa Serikali

Habari ilinikuta gereji, mtaa wa Sakina, nikiwa chini ya lori, Jumatatu asubuhi. Mama alipiga simu kutoka kijijini kwetu Kikwe, na kama kawaida yake hakuanza na jambo lenyewe. Aliuliza kama nimekunywa chai, akauliza kama mvua imefika mjini, ndipo akasema, "Bibi wa ng'ambo ya mfereji ametutoka. Njoo na sweta, tutalala msibani." Nikamjibu sawa, mama, nikarudi chini ya lori kukaza nati nilizokuwa nimezilegeza, kwa sababu sikujua la kufanya jingine. Ninyi mnaonisoma hamkumjua bibi huyo. Hakuwahi kuwa kiongozi wa chochote, wala picha yake haikupata kutoka mahali popote. Alikuwa mjane aliyezaliwa juu mlimani, kwenye migomba na kahawa ya wazazi wake, akaolewa huku chini ambako tunalima mahindi na maharage kwa maji ya zamu. Aliwazika watoto wake wote, akabaki na wajukuu wawili na kipande cha shamba kilichowalisha nusu ya mwaka, tena mwaka ukiwa mzuri.

Mabadiliko ya uchumi yalipoanza, tulielezwa mkutanoni kwamba vitu vitapanda bei kwanza, halafu baadaye mambo yatakaa sawa. Sehemu ya kwanza ilitimia haraka. Mbolea ilipanda, mafuta ya kula yakapanda, nauli ya kwenda hospitali ikapanda. Lakini tuliambiwa pia kwamba serikali haitaziacha kaya zisizo na uwezo. Zitaandikwa, zitapewa ruzuku kila baada ya miezi kadhaa, ili zivuke kipindi hicho. Bibi alisikiliza maneno hayo akiwa amesimama mpaka mwisho. Kwake orodha ile ilikuwa na maana moja tu. Mjukuu wake wa kike alikuwa sekondari, na jina la bibi likiingia, mtoto angeendelea kusoma. Lisipoingia, angeacha shule aende kufanya kazi za ndani kwa watu. Alilisema hilo waziwazi kwa mama yangu, na mimi nilikuwepo.

Siku mbili kabla ya waandikishaji kufika, alivuka mfereji akaja kwetu. "Mwanangu," alimwambia mama, "naomba viti vyako vinne, na ile chupa ya chai ya maua. Nina wageni wa serikali." Mama akacheka. "Hao wageni wanakuja kuangalia shida, mama. Waache wakae kwenye ndoo." Bibi hakucheka. "Kwenye ndoo! Wakitoka hapa waende wakaseme kwa yule mjane tulikalia ndoo? Sijalelewa hivyo." Basi viti vikatolewa. Kwa jirani mwingine alipata kitambaa cha meza, na kwa wa tatu akaomba kibuyu cha maziwa mgando. Aliziba nyufa za ukuta kwa udongo, akapaka chokaa upande wa mbele, akafagia uwanja mpaka ukabaki na mistari ya ufagio.

Nilikuwa likizo ya siku chache, na mimi ndiye niliyevusha viti. Walipofika, dada mmoja na kaka mmoja wenye kishikwambi, nilikuwa bado nimesimama mlangoni. Walikuwa watu wema, nataka hilo lijulikane. Walimwamkia shikamoo, wakavua viatu. Bibi akawamiminia maziwa kabla hawajafungua midomo.

"Bibi, maziwa matamu haya. Ni ya hapa hapa nyumbani?" aliuliza dada.

"Kunyweni, wanangu. Kwangu maziwa hayakosekani."

"Na viti hivi, ni vya kwako?"

"Sasa si ndivyo mmekalia?" bibi akajibu, na wote watatu wakacheka.

Kidole cha yule dada kikagusa kioo mara mbili. Nilikiona. Mtu yeyote wa kwetu aliyesikia majibu yale angejua kwamba bibi hakusema uongo. Mwenyeji hawezi kumwambia mgeni, aliyeshika kikombe mkononi, kwamba maziwa yameombwa. Hayo ndiyo majibu ya heshima, na majibu ya heshima hayakuwa na nafasi mle kwenye kishikwambi. Kulikuwa na ndiyo na hapana. Mimi nilijua viti ni vya nani. Ilitakiwa sentensi moja tu: viti ni vya mama yangu. Nilikuwa nayo kooni. Nikawaza kwamba nitamwaibisha mbele ya wageni, kisha nikawaza kwamba huenda viti havina uzito wowote, na mimi ni mtu ambaye hata dukani husubiri wengine wahudumiwe. Nikanyamaza.

Majina yalisomwa mkutanoni baada ya miezi. Lake halikuwemo. Mwenyekiti wa kitongoji alipouliza kama kuna mwenye neno, mzee mmoja akasema kwamba kaya ya bibi imesahauliwa. Kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Isahauliwe vipi? Yule si ana maziwa ya kugawa!" Watu wakacheka, kwa kuwa habari za maziwa zilikuwa zimeshaenea. Kesho yake bibi alikwenda kwa mtendaji wa kijiji kueleza kwamba viti vilikuwa vya kuazima na maziwa yalikuwa ya kuomba. Alijibiwa kwa upole kwamba taarifa zake ziko kwenye mfumo, zoezi limefungwa, asubiri uhakiki.

Akasubiri, na hapa ndipo roho inaponiuma. Hakusubiri kama mtu anayesubiri basi. Alianza kuiandaa nyumba kwa uhakiki huo, safari hii kinyumenyume. Chokaa ikabanduka, hakuipaka tena. Akaacha kuziba nyufa. Kigoda kimoja alichokuwa nacho mwenyewe, cha marehemu mumewe, alikitoa kwa mtu. Mama alipompelekea maziwa aliyarudisha, akasema, "Wakinikuta nayo leo nitasema nini?" Ukipita kwake, alikutana nawe njiani ili usiingie, kwa sababu ukiingia lazima akukirimu, na akikukirimu lazima atafute kitu. Mwanamke aliyekataa wageni wakalie ndoo akawa hataki mgeni kabisa. Uhakiki haukuja. Mjukuu aliacha shule akiwa kidato cha pili. Sasa yuko Moshono, analea mtoto wa watu.

Fundi ninayefanya naye kazi hupenda kusema kwamba uchumi ni sawa na injini. Ikichakaa lazima uishushe, utandaze kila kitu chini, ndipo uifunge upya. Sina elimu ya kumbishia, na naamini injini yetu ilihitaji kushushwa. Nilimuuliza tu, na abiria walioko ndani ya gari wakati huo? Akaniambia kazi ya fundi ni injini. Wanaopanga misaada hii wako mbali, na kutoka mbali hitaji la mtu huonekana kupitia vitu vyake. Anayeficha shida kwa heshima hukosa, na anayejifunza kuionyesha huipoteza ile heshima, na bado anaweza kukosa.

Bibi alikufa kwa kifua. Sitasema ruzuku ingemponya, kwa kuwa sijui. Najua kwamba mara mbili aliahirisha kwenda hospitali kwa kukosa nauli.

Msibani nilivusha tena viti vile vinne. Majirani wengine nao walileta vya kwao, mpaka uwanja wake, uliokuwa mtupu muda wote ule, ukajaa viti. Ukuta wa mbele ulikuwa umebomoka pembeni, na kila aliyefika aliuona. Baada ya maziko, watu walipoanza kutawanyika, mwenyekiti wa kitongoji aliinuka kwenye kimojawapo cha vile viti vyetu, akakishika mgongo na kuuliza, "Hivi ni vya nani?"

"Ni vya mama yangu," nilisema, kwa sauti ambayo hata mimi ilinishtua. "Siku zote vilikuwa vya mama yangu. Bibi hakuwa na viti."

Watu wachache waligeuka. Mwenyekiti aliniangalia kidogo, akatikisa kichwa. "Haya, asante," akasema. "Virudishe mapema, visichanganyike na vya wengine."

Nikavirudisha, viwili viwili. Waandikishaji wakija tena, kama watakuja, msiwaachie wazee wawajibu peke yao. Simameni hapo, na kama kitu chako kiko ndani ya nyumba hiyo, sema ni chako wakati wageni bado wamekaa. Siahidi kwamba watapata mahali pa kuliandika hilo. Nawaambia tu kwamba mimi sikulisema siku ile, na siku nilipolisema alikuwa ameshazikwa.