Penseli Imehamia Sikio la Kulia

Saa moja asubuhi, karakana imeshaamka. Fundi seremala anayeitwa Penseli anapiga randa kidogo, anasimama, anashika ukingo wa benchi na kuvuta pumzi.

"Usinitazame hivyo, mwandishi. Siringi, napumzika." Kisha anamgeukia mkewe: "Mama watoto, msasa wangu umeuona?"

"Sijauona, baba. Tafuta vizuri."

Jina hilo lilitokana na penseli anayoibana nyuma ya sikio tangu ujana wake. Zamani ilikaa kushoto. Siku hizi iko kulia, na habari yake yote inaanzia hapo.

Penseli ana ualbino. Amepasua mbao juani maisha yake yote, kapelo kichwani. Kapelo ilimfunika uso, masikio ikayaacha nje. Kidonda kilipotokea nyuma ya sikio la kushoto, kikawa kinapona na kurudi, hakuna aliyeshtuka.

"Tukasema ni penseli inanichubua," anakumbuka. "Nikaihamisha. Nikajiona daktari."

Kidonda hakikuuma, naye kazi zilikuwa zinamsubiri. Kikakaa miaka, kikala sikio taratibu.

"Nilimwambia aende hospitali," anasema mkewe. "Akanijibu, kwani kelele zako sizisikii?"

Alipokwenda, aliambiwa ni saratani ya ngozi, ile iliyozoeleka, ambayo kwa kawaida hukaa palepale ilipoota. Ikakatwa, akarudi kazini. Mwaka jana akaanza kukohoa. Safari hii akalaumu vumbi la mbao. Kumbe saratani ilikuwa imeshafika kwenye mapafu, jambo linalotokea kwa nadra sana.

"Daktari aliitazama picha, akaitazama tena. Akasema, mzee, hii hatuioni mara kwa mara. Nikamuuliza, kwa hiyo kuna zawadi?"

Anacheka. Kicheko kinageuka kikohozi. Mkewe anamsugua mgongo mpaka kipite.

Dawa anazotumia zinaipunguza kasi tu. Kupona, ameambiwa waziwazi, asitegemee.

Ubao ulio kwenye benchi ni wa meza. Amewatengenezea meza mtaa mzima, lakini ya kwake inayumba tangu waoane, mguu mmoja umewekewa kipande cha kandambili.

"Kila mwaka namwambia, yako inakuja, mke wangu," anasema. "Sasa imekuja. Nataka nimwone anakunywa chai isimwagike. Baada ya randa hii, imebaki msasa na vanishi tu. Wiki hii namaliza."

Anainama chini ya benchi, anautafuta tena msasa.

Mkewe anamsindikiza mwandishi hadi nje. Mlangoni anatoa mfukoni karatasi ya msasa iliyokunjwa, anaionyesha, anairudisha.

"Hiyo meza ndiyo inamwamsha asubuhi," anasema kwa sauti ya chini. "Akishaimaliza, ataamkia nini?"

Mwandishi anamuuliza: je, hili liandikwe?

"Andika tu. Gazeti kwake ni la kufungia misumari."

Ndani, sauti inaita tena. "Mama watoto, ule msasa?"

Mkewe anajifuta macho kwa kiganja kabla ya kujibu.

"Nakuja, baba. Tutautafuta wote."